Manowari Ikistaafu Huenda Wapi?

Somo hili mmelisikia redioni. Sasa mnalo katika karatasi, mpate kulisoma kwa kidole, neno kwa neno, bila kukimbizwa na sauti yangu.

Leo tutasema habari za manowari. Manowari ni meli ya vita. Haichukui abiria wala magunia ya mpunga. Huchukua mizinga, risasi, na askari wa majini. Najua kuna mtu atakayeuliza: sisi watu wa mtoni, wenye mitumbwi na nyavu, manowari zatuhusu nini? Ngoja kidogo, ndugu. Maji ya mto Kilombero huteremka mpaka yakutane na maji ya mto Luwegu, na hapo ndipo jina la mto linapobadilika na kuwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji hutoka kwetu huku. Siku hizi hupita kwanza katika bwawa la Julius Nyerere, kisha huenda baharini, kuelekea kisiwa cha Mafia. Na huko chini, kabla ya kufika baharini, imezikwa matopeni manowari kubwa ya Wadachi, yaani Wajerumani. Basi maji yanayopita leo chini ya mtumbwi wako, siku moja yatapita juu ya chuma chake.

Habari zake tutazifikia. Kwanza tujiulize: chombo cha majini kikichoka, hufanywa nini?

Mtumbwi wa gogo ukipasuka, mwenyewe huuziba. Ukipasuka tena, huuziba tena. Mwisho huachwa ufukoni, ukawa kiti cha watoto, au kuni. Mwaka 2018 daraja kubwa la Kilombero lilipofunguliwa rasmi karibu na Ifakara, kivuko cha pantoni kikakosa kazi pale, na hakuna aliyelia kwa kuwa kuvuka kwa miguu mikavu ni bora. Meli kubwa nayo ina mwisho wa namna tatu. Ya kwanza, huvunjwavunjwa na chuma chake kuuzwa kwa uzani, kama mtu anavyouza sufuria kuukuu. Ya pili, huzamishwa, kwa vita au kwa makusudi. Ya tatu, nayo ni ya nadra, hufungwa gatini ikafanywa nyumba ya makumbusho.

Neno makumbusho latokana na kumbuka na kumbusha. Ni mahali palipowekwa vitu ili watu wakumbuke, na wale ambao hawakuwapo waambiwe. Makumbusho ya kawaida ni nyumba yenye vitu ndani yake. Makumbusho ya manowari ni tofauti: kitu chenyewe ndiyo nyumba. Unaingia ndani ya kile unachokuja kukitazama.

Chukua mfano wa manowari iitwayo Belfast. Ilishushwa majini mwaka 1938, ikapigana katika Vita Kuu ya Pili, ikaenda Korea, na mwaka 1963 ikaachishwa kazi. Ilikuwa ivunjwe. Watu kadhaa, pamoja na nahodha wake mmoja wa zamani, wakapinga, na Oktoba 1971 ikafunguliwa kwa watu wote katikati ya mji wa London, katika mto Thames. Urefu wake ni mita 187, na ndani ina sakafu tisa, moja juu ya nyingine. Mgeni hupanda na kushuka ngazi za chuma. Huona mizinga, ndiyo, lakini huona pia jiko, mahali pa kuoka mikate, chumba cha kung'olea meno, kanisa dogo, na vitanda vya turubai vilivyoning'inizwa. Watu 950 waliweza kuishi mle. Mimi naona hilo ndilo fundisho lake kubwa kuliko mizinga: kwamba vita hupigwa na watu wanaokula, wanaoumwa meno na wanaokosa usingizi. Mizinga ya mbele, kwa mzaha wa Kiingereza, imeelekezwa kwenye kituo cha kupumzikia magari barabarani, kilomita 20 hivi kutoka pale.

Lakini kuitunza meli ni kazi kubwa kuliko kuitunza nyumba. Nyumba yako ina paa tu la kuogopa mvua. Meli imezungukwa na maji mchana na usiku, na chuma na maji si marafiki. Kutu hula taratibu mahali pasipoonekana. Huko Marekani, katika mji wa Buffalo, kuna makumbusho ya manowari, na mojawapo huitwa The Sullivans. Jina hilo ni la ndugu watano wa tumbo moja waliokufa wote mwaka 1942 manowari yao ilipozamishwa. Wazazi walipoteza watoto watano kwa mara moja. Basi Aprili 2022 meli hiyo, iliyokwisha kuokoka vita, ilianza kuzama ikiwa imefungwa gatini kwake. Maji yalikuwa yameingia kwa matundu ya chini, ikainama ubavu. Waliivuta na kuisimamisha tena kwa gharama nyingi.

(Mwalimu, hapa tafadhali simamisha kusoma. Uliza darasa: ni nani aliyepata kuokoa mtumbwi uliojaa maji? Aeleze alivyofanya.)

Sasa turudi kwetu Afrika ya Mashariki. Hapa hatuna manowari iliyofungwa gatini kama Belfast. Tuna makumbusho ya Ngome ya Yesu, pale Mombasa, nayo imekusanya mabaki ya manowari tatu, na manowari hizo zote zilikufa katika maji yetu.

Ngome hiyo waliijenga Wareno kuanzia mwaka 1593. Ilikuwa ngome, ikawa gereza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira. Kuzingira ni kuwafungia adui ndani wasipate chakula wala msaada. Mwaka uliofuata Wareno wakaleta manowari ya kuwaokoa wenzao, jina lake Santo António de Tanna, chombo cha mbao na matanga kilichojengwa Uhindi. Oktoba 1697 ikazama chini ya ngome yenyewe, karibu kabisa na ukuta. Mwaka 1698 ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani.

Meli ikakaa chini ya maji miaka 280. Kisha, tangu 1977 mpaka 1980, wapiga mbizi wakaichimbua kwa utaratibu, wakapima, wakachora, wakatoa maelfu ya vitu: mitungi, sahani, vyombo vya kazi, vipande vya mbao. Vingine vimewekwa katika ngome. Lakini mwili wa meli haukutolewa. Kwa nini? Wavuvi mtanielewa upesi. Mbao iliyolala majini miaka mingi huonekana nzima, kumbe ndani yake maji ndiyo yaliyoishika isinywee. Ukiitoa na kuianika juani, maji hutoka, mbao hukunjamana na kupasuka. Ili isipasuke yahitaji kutiwa dawa polepole, miaka kwa miaka. Hata chuma kilichotoka baharini ni hivyo hivyo: chumvi imeingia ndani, na kisiporowekwa kwanza mpaka chumvi itoke, kitabanduka magamba kama samaki. Kwa hiyo mara nyingine njia bora ya kuitunza meli ni kuiacha ilipo, chini ya mchanga.

Manowari ya pili na ya tatu zilikuwa maadui, na hapa ndipo tunaporudi Rufiji.

Manowari ya Wadachi iliitwa Königsberg. Ilishushwa majini Desemba 1905. Wazee wa Ulanga na Kilombero mwezi huo hawakuwa na habari nayo. Nchi hii ilikuwa katika vita ya Maji Maji, na boma la Mahenge lilikuwa limekwisha kushambuliwa mwezi Agosti. Urefu wa Königsberg ulikuwa mita 115, na mizinga yake mikubwa ilikuwa 10. Nahodha wake aliitwa Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na mwezi wa Agosti Vita Kuu ya Kwanza ikaanza.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja kwa ghafula. Bandarini palikuwa na manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus, imezima mitambo kwa matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ya Königsberg. Ikapigwa pale pale iliposimama, ikazama siku ile ile. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi ya baadhi yao yako katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja.

Königsberg ilishinda, lakini nayo ikavunjika kipande cha mtambo. Ikakimbilia kujificha katika mikono ya mto Rufiji. Mto Rufiji ukikaribia bahari haubaki njia moja. Hugawanyika mikono mingi, na kati yake ni misitu ya mikoko na matope. Waingereza walidhani meli kubwa haiwezi kupita mle. Wadachi walikuwa wameipima mito hiyo kabla ya vita, wakajua pa kupita maji yakijaa. Wakafunika milingoti kwa matawi ya miti. Kipande kilichovunjika kikachukuliwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kikatengenezwe.

Mwisho wa Oktoba 1914 Waingereza wakagundua ilipo. Lakini kujua alipo mamba si kumshika. Manowari zao kubwa zilizama sana chini, haziwezi kuingia mtoni. Wakabaki nje wakilinda milango. Wakazamisha meli kuukuu ya makaa katika mlango mmoja ili kuuziba. Wakaleta eropleni, chombo kipya kabisa wakati ule, na joto na mvua za pwani zikaziharibu. Hata hivyo eropleni ziliona kutoka juu kile ambacho mikoko ilikificha.

Ilikaa mtoni miezi tisa na zaidi. Mabaharia wakaugua malaria. Mwishowe Waingereza wakavuta, kutoka Malta, manowari mbili za mto: Severn na Mersey. Hizo zilikuwa pana na bapa chini, kama mtumbwi mpana wa kupakia mizigo, hivyo maji ya kimo cha mtu yalizitosha. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia, zikapigana siku nzima, zikatoka bila kumaliza kazi. Tarehe 11 Julai zikarudi.

Mjue kwamba wapigaji wa mizinga siku ile hawakuonana kwa macho. Kati yao palikuwa na misitu. Eropleni ilizunguka juu, ikatazama kombora limeangukia wapi, ikapeleka habari kwa simu ya upepo: sogeza mbele, sogeza kushoto. Ikapigwa, mitambo ikazima, ikaanza kushuka. Na wale wawili waliokuwa ndani wakaendelea kupeleka habari huku wakianguka. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa. Königsberg ikateketea. Nahodha Looff, ambaye alikuwa amejeruhiwa, akaamuru ipasuliwe kwa baruti ya kombora lake yenyewe. Ikakaa juu ya matope, maji ya Rufiji yakaingia.

Vitabu vingi vya zamani huishia hapo. Lakini mimi naona hapa ndipo habari yetu sisi inapoanza, kwa sababu meli ilikufa na mizinga haikufa.

Wadachi waliitoa mizinga yote 10 majini. Ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu katika karakana ya reli. Mmoja ukaenda kwa reli mpaka Kigoma ukawekwa juu ya meli ya ziwani, nitakayowaambia baadaye. Mingine ikafuata jeshi. Na ni nani aliyeivuta? Ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Injini za kuvuta hazikuwapo. Ilivutwa na watu, mamia ya watu kwa mzinga mmoja, kwa kamba, milimani na mabondeni, katika mvua. Mzinga uliotengenezwa ubebwe na meli ulibebwa na mabega ya watu.

Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, makumi elfu kwa makumi elfu, kutoka kila upande wa Afrika ya Mashariki. Jina la kikosi chao mnalo mdomoni kila siku: Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, umeitwa kwa Kiingereza cha "kikosi cha wapagazi", kwa kuwa kambi yao ilikuwa pale. Mwaka 1917 vita ilifika kwetu kabisa. Majeshi yakazunguka Mahenge, na Oktoba mwaka huo Wabelgiji wakaitwaa. Jeshi linapopita huhitaji chakula na mabega, na vyote viwili vilitolewa vijijini. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, homa na njaa ni wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Kabla Wadachi hawajavuka Ruvuma Novemba 1917, mizinga ya Königsberg ilikuwa imekwisha kutekwa au kuvunjwa yote.

Mizinga mitatu ipo hata leo. Mmoja uko Mombasa katika Ngome ya Yesu. Wa pili uko Jinja, Uganda. Wa tatu uko Pretoria, Afrika ya Kusini, mbele ya majengo ya serikali. Hata mmoja katika hiyo mitatu hauko Tanzania. Na pale Mombasa, karibu na mzinga wa Königsberg, umewekwa mzinga wa Pegasus. Waingereza nao walikuwa wameitoa mizinga yao baharini Unguja wakaitumia nchi kavu. Basi yule aliyeua na yule aliyeuawa wanapumzika uwanja mmoja, na wageni hupiga picha katikati yao.

Meli yenyewe ilipata mwisho wa namna ya kwanza. Mwaka 1924 mtu mmoja aliinunua ilipolala ili atoe vyuma vya thamani. Aliitwa John Ingle. Mwajua ni nani? Alikuwa nahodha wa Pegasus, ile iliyozamishwa Unguja. Dunia ni ndogo. Wengine wakafuata, wakakata na kuuza kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1960. Kilichobaki kikazama katika matope ya Rufiji.

Nimesema nitawaambia habari za meli ya ziwani. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli. Huko ikaunganishwa upya, msumari kwa msumari, na Februari 1915 ikashushwa katika ziwa Tanganyika kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wadachi wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito, maana walitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo haijaharibika, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ikachukua abiria, dagaa na mananasi kwa miaka 90. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 ilitoa maelfu ya wakimbizi wa Burundi pale Kagunga ikawaleta Kigoma. Mwaka 2018 ikasimama kwa matengenezo.

Watu wengi wamebishana juu ya Liemba. Wako wasemao ifungwe Kigoma iwe makumbusho, kwa kuwa haina mwenzake duniani. Wako wasemao meli ni ya kuchukua watu, na kijiji kisicho na barabara hakiwezi kupanda makumbusho kwenda hospitali. Kila upande una haki yake. Meli inayofanya kazi hubadilishwa: mitambo ya mvuke ile iliyopakwa mafuta na Wadachi ilitolewa katika miaka ya 1970, ikatiwa ya dizeli. Meli iliyofungwa haibadilishwi, lakini hula fedha na haileti chakula. Kama mngeniuliza mimi, ningesema itembee maadamu yaweza kutembea, na ile mitambo na vifaa vinavyotolewa viandikwe na kuwekwa nyumba moja pale Kigoma. Lakini mimi sikai Kagunga, na anayekaa Kagunga asikizwe kwanza.

Maneno ya kuandika ubaoni: manowari, makumbusho, mzinga, mpagazi, kutu, kuzingira, kuopoa.

Swali la kujadiliana darasani ni moja tu. Tuseme ijengwe nyumba ndogo ya makumbusho kando ya Rufiji, na ninyi wa Mofu mkaambiwa mlete kitu kimoja na karatasi moja ya maelezo. Mtaleta nini, na katika karatasi mtaandika jina la nani? Kila mmoja aandike sentensi tatu. Asiyejua jina la babu yake mzaa babu amwulize mzee wa nyumbani kabla ya darasa lijalo, aje nalo limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe.